Mto wa Kuwekea Mguu

"Sindano ya ganzi itauma kidogo, kisha hutasikia kitu," daktari alimwambia fundi cherehani. Kweli, ukingo wa kucha iliyozama nyamani ulikatwa yeye akitazama dari tu. Kidole kikafungwa bandeji. "Nyumbani weka mguu juu ya mto. Wenzio watakusaidia kazi."

Wenzio! Alichechemea njia nzima, ganzi ikimtoka, akamkuta mumewe kajinyoosha kwenye kochi, miguu yake mizima juu ya mto.

"Mama watoto, mbona umechelewa? Tunakufa njaa huku."

Habari ya kidole hakuuliza. Mke aliuchomoa ule mto kwa nguvu, visigino vya mume vikagonga mbao za kochi.

"Taratibu basi!" mume akafoka. "Unaniumiza mguu!"