Bi Shari Amepoa

Mume wangu anakula kwa mdomo wake, kwa maana zote. Alianza redioni kwa kulia. Tangazo la sabuni lilitaka kichanga anayelia, wakaleta kichanga wa kweli, naye akawa anacheka tu. Ndipo mume wangu, jitu zima lenye ndevu, akaingia chumba cha kurekodia akalia mpaka mama wa yule mtoto akamwonea huruma. Tangu hapo amekuwa mbuzi, hakimu mwenye mafua, gari linalokataa kuwaka. Lakini vyote vilikuwa vibarua vya leo upo kesho hupo, mpaka alipompata Bi Shari.

Bi Shari ni mama mkwe wa kwenye mchezo wa Ijumaa, mwanamke anayegomba kuanzia kizingitini hadi jikoni. Sauti ile mume wangu hakuitunga. Aliiokota sebuleni kwetu, kinywani mwa mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea akasahau kuondoka.

"Kiatu hiki kimelala mlangoni kinamlinda nani?" mama husema katikati ya wiki. Ijumaa Bi Shari anasema vilevile, na watu wanashika mbavu.

Mama naye alizishika zake. Tulimwambia mkwewe anaigiza mlinzi wa getini, na si uongo, mlinzi pia ni yeye. Lakini kwa Bi Shari mama hakujitambua hata chembe. Nani anajua sauti yake inavyosikika nje ya kichwa chake?

Kumbe kicheko nacho huchacha. Ijumaa moja alisikiliza kimya, kisha akazima redio.

"Yule mama anakera jamani," akasema. "Na mimi umri unakwenda. Nisije nikawa kama yeye."

Akabadilika kweli. Chai ikipoa, "Asante, mwanangu." Viatu mlangoni, anaviruka. Mume wangu akabaki anajitungia maneno mwenyewe, na yakawa hayana chumvi. Mtayarishaji akamwita: "Bi Shari wako amepoa kama uji wa jana. Ijumaa hii asipochemka, namuua, na wewe urudi kwenye mbuzi."

Usiku ule akaninong'oneza, "Mke wangu, mchokoze mama."

"Mchokoze wewe."

"Mimi? Mkwe ni wa kuheshimiwa."

"Ila wa kuigizwa redioni?"



Asubuhi nikadeki. Sakafu haijakauka, bwana akaingia na viatu vya tope, akaenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena kama anayepima kiwanja. Mama akatazama. Tukasubiri.

"Haidhuru, baba," akasema kwa upole. "Tope ni udongo, na sisi ni udongo."

Mume wangu akajibwaga kwenye kiti kama aliyefiwa.

Mimi ni mvumilivu, waulizeni majirani. Lakini ile sakafu ilikuwa yangu.

"Haidhuru kwa kiuno cha nani?" nikafoka. "Nimeinama hapa mpaka mgongo umesahau kunyooka, bwana mkubwa anapita kama mkaguzi wa barabara! Hiyo miguu umeazima? Unaogopa kuinyanyua utadaiwa?"

Nikanyamaza nivute pumzi. Mume wangu alikuwa amesimama, macho ameyafumba, midomo inacheza bila sauti. Uso huo naujua. Ndio anaouvaa akiiba sauti.

Mama akanishika mkono, akanivuta kando.

"Binti yangu, nakwambia kwa mapenzi. Umeanza kufanana na yule mama wa redioni. Jirekebishe mapema, tabia ikikomaa haing'oki."

Nyuma ya mgongo wake, mume wangu akapiga magoti juu ya tope lake mwenyewe, viganja amevikutanisha, anatikisa kichwa kwa nguvu: nisithubutu kujirekebisha.

Nikamtazama. Mkate wake wote sasa ulikuwa ulimini mwangu.

"Nitajitahidi, mama," nikajibu kwa adabu. Kisha nikamgeukia yule bwana. "Na wewe inuka hapo! Hiyo suruali unadhani inafuliwa na malaika?"