Sikukuomba Rangi

Bi Mawingu aliliona lile bango jioni akitoka kazini, mikono bado inanuka dawa ya madoa. Lilikuwa limefunika ukuta wote wa mbele wa kanisa la mdogo wake. Juu kulikuwa na upinde wa mvua, tena si mmoja, na wa pili juu ya mwenzake, umeinama juu ya mapaa ya mabati na matangi ya maji. Pembeni alisimama mdogo wake, Mchungaji, na suti nyeupe, kanyoosha mkono utadhani upinde ule kautundika yeye. Chini yaliandikwa maneno makubwa: ISHARA ILIYOSHUKA JUU YA KANISA LETU SIKU YA MAOMBI MAKUU. GUSA. AMINI. PONA.

Alisimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi.

Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja wakiweka viganja kwenye bango. Wengi walikuwa wanagusa kona ya chini, kwenye kitu cheupe kilichojikunja kama kinapepea.

"Hilo ni bawa la malaika," mzee mmoja alimwelekeza, akimsogezea nafasi.

"Hilo ni shuka," Bi Mawingu alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Nasema hilo ni shuka la hospitali! Nimelianika mimi kwa mikono yangu!"

Yule mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake kaugua, akaendelea kugusa.

Picha ilikuwa ya Bi Mawingu. Yeye ni dobi wa hospitali kuu. Mashine za kufulia ziko chini kabisa, na kamba za kuanikia ziko juu ya paa la jengo la wodi, kwa hiyo nusu ya maisha yake ya kazi ameimaliza akiwa na mashuka mabegani na anga kichwani. Hilo jina la Bi Mawingu walimpa wenzake kwa utani, kwa sababu ya kusimama kila mara na kuinua simu kupiga picha mawingu huku mzigo unamsubiri. "Leo limetoka pozi gani?" walikuwa wanamuuliza. Alikuwa anacheka nao. Hakuwahi kuwaambia ilianzaje.

Ilianza baada ya binti yake kufariki. Mtoto alifia wodi ya watoto, ghorofa moja tu chini ya kamba zile. Bi Mawingu alizika, akakaa nyumbani kidogo, akarudi kazini kwa sababu tumbo halina matanga. Siku aliyorudi, toroli lilipanda na mashuka ya wodi ile ile. Aliyafua. Akayabeba mpaka juu, akayaanika moja baada ya jingine. Ndipo mvua ikaanza huku jua linawaka. Akawa anakimbia kuyaanua, anageuka hivi, akauona upinde umejaa mbele yake, na wa pili juu yake.

Hasira iliyompanda siku hiyo hakuwahi kuijua.

"Sasa rangi za nini?" alipiga kelele. "Nilikuomba mtoto! Nilikupigia magoti pale chini, nikakuomba mtoto. Sikukuomba rangi!"

Akamtukana Mungu. Akamtukana matusi ambayo angemchapa kofi yeyote aliyethubutu kuyatamka mbele ya mama yake. Alipoishiwa na maneno akatoa simu aupige picha, amwekee ushahidi, ili wakionana siku moja amwonyeshe: hiki ndicho ulichoniletea. Lakini simu ilipofika usawa wa uso sauti ikakata. Mvua ilikuwa inampiga usoni. Hakujibiwa wala hakufarijiwa. Ila alihisi, kwa mwili mzima, kwamba kuna aliyemsikiliza mpaka tusi la mwisho na hakuondoka. Akabonyeza. Shuka moja lilipeperuka na kuingia kwenye kona ya picha, akaliacha hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani, lakini kila alipopanda juu alipiga picha anga: likiwa jeupe, likiwa na vumbi, likiwa limevimba na kugeuka rangi ya chuma. Ndiyo ilikuwa sala yake, na mara nyingi ilikuwa sala ya ugomvi. Picha ya kwanza aliituma kwenye kundi la familia kwa ajili ya mama yao, bila neno hata moja. Mdogo wake alijibu kwa alama ya viganja vya kuomba. Basi kumbe huku anaomba, huku anaihifadhi.

Jioni ile ya bango alimpigia simu. "Dada, niko kikaoni, nitakupigia," Mchungaji alisema. Hakupiga. Bi Mawingu akajizuia kwa sababu ya mama yao, ambaye moyo wake haukutaka makelele, na ambaye kila Jumapili alikaa kiti cha mbele akimtazama mwanawe wa mwisho kama anatazama jua.

Alijizuia mpaka asubuhi aliyoshuka wodi ya watoto kukusanya mashuka machafu. Alikuta manesi wawili wamemshika mtoto wa kike anayetupa mikono na miguu, povu mdomoni. Mama yake, muuza mitumba wa pale sokoni, alikuwa amesimama ukutani akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto.

"Vidonge vya kifafa mliacha lini?" nesi aliuliza bila kugeuka.

"Tangu tulipogusa bango."

"Bango gani?"

"La upinde. Mchungaji alisema ukishagusa ukaendelea kumeza, ni kama unamwambia Mungu humwamini."

Bi Mawingu aliliacha toroli katikati ya korido. Akatoka vile vile, na aproni yake ya plastiki na mabuti ya mpira, akakata mitaa bila kumsalimia mtu mpaka kanisani. Mchungaji alikuwa anapanga viti.

"Dada! Karibu. Mbona na mabuti?"

"Lishushe lile bango."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Kuna mtoto anatapatapa hospitali kwa ajili ya shuka langu. Lishushe."

Mchungaji akaweka kiti chini taratibu. "Dada, watu wanahitaji ishara. Wewe huoni wanavyokuja wamekata tamaa, wanatoka wamenyooka? Upinde ni wa Mungu, si wako. Ni kosa gani kuuonyesha?"

"Ulishuka juu ya kanisa lako?"

"Kiroho, ndiyo."

"Kiroho!" Bi Mawingu alisogea mpaka aproni ikagusa suti. "Unajua nilikuwa nasema nini nilipopiga picha ile? Nilikuwa namtukana Mungu. Mwanangu hajamaliza hata mwezi kaburini, nimesimama na mashuka ya wodi aliyofia, namtukana. Na hakunifukuza. Hicho ndicho kilichomo mle. Wewe umekuja umekiosha, umekitia marashi, umejichora pembeni. Mimi nimekubeba mgongoni wewe! Nimekufuta makamasi! Leo unaiba kilio changu, unakigeuza tangazo?"

"Punguza sauti, Dada. Mama akisikia—"

"Mama atasikia."

Jumapili Bi Mawingu alikuja. Alikaa nyuma, gauni la kazini, na alipoona mdogo wake anataja upinde, akainuka na kutembea katikati ya viti mpaka mbele.

"Ile picha ni yangu," alisema. "Niliipiga juu ya paa la hospitali, mwaka juzi, wala si siku ya maombi. Bawa mnalolishika ni shuka. Aliyeacha dawa kwa sababu ya picha ile akanywe dawa leo hii."

Kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea bila kipaza sauti. Alieleza habari za binti yake na yale aliyomwambia Mungu, isipokuwa matusi yenyewe. Wengine walimzomea. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Pepo huyo!" Kwaya ikaamriwa iimbe, ikaanza kwa sauti zisizopatana, nusu wanaimba, nusu wanasikiliza. Kwenye kiti cha mbele mama yao alikuwa ameinamisha kichwa na kuziba uso kwa mtandio. Bi Mawingu aliona hilo, likamchoma kuliko kuzomewa, na bado hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Wiki iliyofuata bango lilishushwa. Likapandishwa jingine lenye uso wa Mchungaji peke yake, mkubwa zaidi. Ndugu hao wawili hawakusemezana tena. Mama yao alipowaita waje kula pamoja, walikaa kila mtu upande wake wa meza, na Bi Mawingu alipoombwa amsamehe mwenzake alijibu, "Bado, mama. Nikimsamehe leo nitakuwa naigiza." Mama yao akamwongezea mboga.

Mtoto wa muuza mitumba, ambaye kifafa kile kilimwacha bila maneno, alirudi kuongea, ingawa taratibu, akitafuta maneno. Siku moja mama yake alipanda ngazi mpaka juu ya paa, akamkuta Bi Mawingu anakunja mashuka.

"Wewe ndiye mwenye ile picha?"

"Ndiye mimi."

"Ningekujua siku ile ningekuzaba kibao."

"Nizabe."

Yule mwanamke hakumzaba. Alibaki anahema kwa ajili ya ngazi. "Unajua tangu nilipogusa lile bango nilikuwa nalala? Miaka yote nalala jicho moja, mkono juu ya mtoto. Nikagusa, nikalala kama gogo. Sasa mmenidanganya, halafu mmeninyang'anya na usingizi. Wewe na mdogo wako, wote."

"Ni kweli," Bi Mawingu alisema.

"Na huyo Mungu uliyemtukana, hakukufanya kitu?"

"Si unaniona nafua?"

Muuza mitumba akacheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akageuka upande wa magharibi. Upepo ulikuwa umeinua vumbi la mji mzima na jua limenasa humo ndani. Anga lilikuwa jekundu chini, juu yake la manjano, juu zaidi kijani hafifu ambacho mtu akikichora ataambiwa amekosea. Hakukuwa na upinde wowote.

"Piga basi," alisema.

"Piga mwenyewe." Bi Mawingu akamkabidhi simu.

Mwanamke yule akaiinua kwa mikono miwili. Hakubonyeza. Midomo ilianza kumchezacheza, kisha maneno yakatoka, ya chini chini na makali: kuhusu kifafa, kuhusu mchungaji, kuhusu mwanamume aliyemwachia mtoto, na hatimaye kuhusu Yeye mwenyewe aliye juu. Bi Mawingu akachukua kapu lake, akahamia kamba ya mbali ili asisikie.