Upole wa Emelyne

Wanawake waliokuja guhemba, yaani kumletea mzazi chakula na kinywaji cha kumrudishia nguvu, walikaa kwenye mkeka wa Médiatrice, wakala, wakanywa uji wa mtama, wakapokezana mtoto, na kabla ya kuondoka kila mmoja alisema neno lilelile. Emelyne ni mpole. Emelyne ni umupfasoni, binti aliyelelewa akaleleka. Hapigi domo, hatupi macho ovyo, ukimuuliza kitu anajibu "ego", ndiyo yetu ya Kirundi, basi, anarudi kumtazama mtoto wake.

"Mabinti wa siku hizi wakijifungua wanashinda na simu," alisema mama mmoja mnene aliyeleta kuku. "Huyu wako, Mama Emelyne, umemlea wewe au malaika?"

"Nimemlea mimi na fimbo," Médiatrice akajibu, wakacheka wote.

Emelyne hakucheka. Médiatrice aliliona hilo, akalipita. Kwa desturi ya pale Katumba, makazi yetu sisi wa asili ya Burundi, mzazi mpya hasemi sana mbele ya wageni, mama yake ndiye anayemsemea, na siku hiyo Médiatrice alisema mpaka koo likamkauka. Mtoto ananyonya? Ananyonya. Analia? Siyo sana. Na mzazi mwenyewe anaendeleaje? Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Wageni walipoondoka aliosha vikombe akiimba. Sifa ya mtoto ni mboga ya mama, anashiba nayo.

Tena alikuwa na njaa ya siku nyingi. Mume wake, Silvester, alishafariki. Vijana wake wawili walihamia Majengo, mjini Mpanda, wana kibanda chao cha biashara, wanakuja Krismasi na soda wanarudi. Emelyne aliolewa na Dieudonne, anayenunua dagaa kule Kapalamsenga ziwani, na kwa sababu mwanaume hakai nyumbani, mimba ilipokua wakakubaliana akajifungulie kwa mama. Médiatrice aliposikia alifagia chumba, halafu akakifagia tena. Akawaza, sasa nimepata mtu wa kuongea naye.

Mtu alimpata. Maongezi hakuyapata.

Walikaa jikoni, moto katikati yao, Médiatrice akasimulia tumbaku ya nani imeungua banini, kwenye banda la kukaushia, nani kaoa, nani kagombana na mwenyekiti. Ego. Umeshiba, mwanangu? Ego. Sahani haijaguswa. Mtoto akilala, mama yake hulala? Ego, na macho yake yamekaa kama ya mtu aliyetembea toka Kaliua kwa miguu. Kuoga mpaka aambiwe. Wakati mwingine mtoto, Egide, alilia mpaka akakauka sauti, Emelyne yuko palepale anamwangalia kama mtu anayeangalia mvua ya kijiji kingine. Médiatrice akawa anamchukua mwenyewe, anamfunga mgongoni, anamwimbia. Alijiambia, uzazi wa kwanza unachosha. Alijiambia, mbona mimi nilizaa nikarudi shambani. Usiku alisali. Hakumwambia mtu, maana angesema nini? Kwamba binti yangu ana heshima kupita kiasi?

Siku moja alimwona binti wa jirani amevaa kitenge cha harusi cha Emelyne.

"Umempa?"

"Ego. Kilikuwa kinanibana."

Kinambana vipi, na amekonda hivi? Lakini Médiatrice akasema moyoni, ana moyo wa kutoa, amerithi kwa bibi yake. Baada ya siku chache viatu navyo vikatoka, na kile kioo kidogo. Halafu asubuhi moja, Médiatrice akimwogesha Egide kwenye beseni, Emelyne aliongea bila kuulizwa. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu arudi, akaianza kwa "mawe", mama kwa Kirundi.

"Mawe, mtoto huyu unamweza. Ukibaki naye wewe, atakua vizuri."

Nyie wamama mtakaosoma hapa, rudieni maneno hayo kabla hamjaendelea. Médiatrice aliyasikia akafurahi. Alifurahi mpaka akamwaga maji. Alimvalisha mtoto, akamlaza, akatoka mbio kwenda kwa rafiki yake Ernestine, aliyekuwa uani anachambua maharage, ili naye asikie jinsi binti alivyomsifu mama yake.

Ernestine alisikiliza huku anachambua. Halafu mkono ukasimama ndani ya ungo.

"Hebu sema tena. Alisema ukibaki naye?"

"Ego. Ukibaki naye wewe, atakua vizuri."

"Na yeye akiwa wapi?"

Médiatrice akakaa chini, hapohapo uani.

"Na vitu amegawa," Ernestine akasema. "Nimeona kitenge." Akaweka ungo chini. "Mdogo wangu Joséline alisema vilevile. Alisema watoto wangu unawaweza, dada. Nikamwambia asante."

Kijiji kizima kilijua kwamba Joséline alikufa ghafla, na kijiji kizima kilikuwa hakijawahi kuuliza hiyo ghafla ilikuwa ya namna gani. Médiatrice alimtazama rafiki yake, waliyekaa naye kanisani benchi moja miaka yote, akaona kumbe amekuwa akibeba jambo hili peke yake.

"Kimbia," Ernestine akasema. "Mimi nakuja nyuma."

Alikimbia kandambili mkononi. Alikuta nguo zote za Egide zimefuliwa, zimeanikwa kwa mpangilio, na Egide amelazwa katikati ya kitanda cha bibi yake, amezungushiwa mito. Emelyne alikuwa anatokea mlango wa nyuma, mikono mitupu.

"Unaenda wapi?"

"Natembea kidogo."

"Twende wote."

Ernestine alifika akihema, akabaki na mtoto. Wale wawili wakashika njia ya kati ya mahindi, binti mbele, mama nyuma, hakuna anayesema. Médiatrice aliogopa kutaja lile alilokuwa analiwaza, kwa sababu watu husema ukilitaja unaliita. Lakini aliogopa zaidi ile shingo iliyokuwa mbele yake, jinsi ilivyokuwa nyembamba.

"Emelyne. Unataka kufa?"

Binti akasimama. Médiatrice alisubiri "ego" na alisubiri "hapana", na hajui alikuwa anaiogopa ipi zaidi.

"Sijui, mawe," Emelyne akasema. "Nimechoka. Nataka vinyamaze."

"Vitu gani?"

Emelyne aligeuka, akakubali kushikwa mkono, wakarudi hivyo, kama enzi akiwa darasa la kwanza.

Siku ileile wakapanda bodaboda kwenda mjini. Jirani mmoja akawapigia kelele toka barazani, "Mama Emelyne, mnakimbilia wapi na kichanga, anaumwa?" Médiatrice akajibu mtoto ana kikohozi. Ukitaja akili, watu watakuuliza kama unampeleka Dodoma, hospitali ya vichaa, na mtoto wa watu atabaki na jina hilo mpaka uzeeni. Hospitalini napo, dirishani, kijana wa mapokezi alimuuliza wanataka kitengo gani.

"Cha kichwa," Médiatrice akanong'ona.

"Kinauma?"

"Hapana. Kinawaza."

Yule kijana hakucheka. Aliwaelekeza korido ya nyuma, chumba chenye pazia la bluu, kwa mshauri aitwaye Mercy. Alikuwa dada mdogo tu, sketi ndefu, viatu vya raba. Médiatrice alipomwona akawaza, huyu naye ameshazaa?

Mercy aliwakaribisha, akamgeukia Emelyne. "Unalalaje siku hizi?"

"Analala vizuri," Médiatrice akasema. "Na mtoto hasumbui."

"Asante, mama. Na chakula, Emelyne, kinapita?"

"Anakula, ila siyo mlaji tangu utoto."

"Mama," Mercy akasema, kwa heshima kabisa, "namuuliza yeye."

"Huyu ni mpole, daktari. Hawezi kukujibu. Ndiyo maana mimi..."

"Basi tumsubiri. Nje kuna benchi, mama. Nitakuita."

Médiatrice alitoka na mjukuu wake mgongoni kama mtu aliyefukuzwa harusini. Benchi lilikuwa na watu, akabanwa pembeni. Kwa nje haikusikika kitu. Akakaa anawaza, anamwambia nini kule ndani? Anamwambia nilimpiga? Anamwambia nilimwozesha mapema? Toka amzae, hakuna mlango uliowahi kufungwa kati yake na Emelyne, na sasa umefungwa na mtoto wa watu mwenye raba. Hata siku ya kumzika Silvester hakujisikia peke yake namna ile.

Mwishowe aliitwa. Mercy alimweleza taratibu, akimtazama Emelyne kila baada ya maneno machache, kama anayeomba ruhusa. Ugonjwa huu unaitwa sonona. Unawashika wanawake wengi wanapojifungua, na wanaume pia, na hata vijana wa shule. Siyo uvivu, siyo pepo, siyo kukosa malezi. Unaondoa usingizi, unaondoa hamu, halafu unamwambia mtu kwamba nyumba itapona akiondoka. Unatibika. Daktari ataandika dawa anayoweza kutumia mama anayenyonyesha, na yeye Mercy atakuwa anaongea na Emelyne kila wiki. Vitu vya hatari nyumbani viwekwe mbali, dawa za shamba zifungiwe, na kwa sasa asiachwe peke yake.

"Nilimuuliza kama anataka kufa," Médiatrice akasema, kichwa chini. "Labda nimemtia wazo."

"Hapana, mama. Wazo alikuwa nalo kabla. Ulimwonyesha kwamba linaweza kusemwa." Halafu akaongeza, "Na wewe je? Unalala?"

"Mimi mzima."

Mercy alikuwa anaiangalia mikono ya Médiatrice, ilivyokuwa inakunja na kukunjua ncha ya kitenge bila kupumzika. Médiatrice akaificha chini ya mtoto.

Asikudanganye mtu kwamba ukienda mara moja unarudi unaruka. Wiki za kwanza Médiatrice hakuona tofauti, nauli ya bodaboda ilitoka, na "ego" zilikuwa zilezile. Alipompigia Dieudonne, mtandao ukikatika na kurudi, mkwe aliuliza kama mke wake amerogwa, kisha akasema nakuja nikimaliza mzigo huu. Kanisani Médiatrice alipunguza kukaa baada ya ibada, asije akaulizwa. Ernestine peke yake ndiye aliyejua, naye alikuja kila siku, anakaa, anasuka ukili, haulizi. Nyumbani Médiatrice alimfuata binti kila anakokwenda, kisimani, jikoni, nyuma ya nyumba.

"Mawe," Emelyne akasema siku moja, amesimama mlangoni, "hata chooni?"

"Mimi napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Ni mwisho wa kiwanja."

Ilikuwa mzaha. Mzaha mdogo, mkavu, lakini Médiatrice alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda, akashindwa kusonga ugali.

Mercy alikuwa amempa Emelyne kazi. Kila siku, mtu akimuuliza hali yake, ajibu mara moja kwa kweli. Mara moja tu inatosha. Na Médiatrice naye alipewa kazi, ngumu kuliko kulima: akiuliza, anyamaze mpaka jibu lije. Kwa hiyo aliuliza umelalaje, akang'ata ulimi. Ukimya ukakaa nao kama mgeni asiyeaga. Siku nyingine jibu lilikuwa ego. Siku nyingine likawa, "Sikulala. Nilikuwa nawaza kwamba Egide hanipendi." Médiatrice alitaka kurukia, mtoto gani asiyempenda mama yake, acha ujinga. Akanyamaza. Emelyne akasubiri, alipoona hakemewi, akaendelea kidogo.

Yalikuwepo mengine asiyomwambia mama. Hayo yalibaki chumbani kwa Mercy, na Médiatrice aliyajua kwa kuyakosa tu.

Alhamisi moja alikuwa benchini kama kawaida, Egide mapajani anacheza na vidole vyake. Kutoka nyuma ya mlango alisikia sauti ambayo kwanza hakuitambua. Ilianza chini, kama mtu anayekohoa, ikapanda, ikawa kilio. Siyo kile cha msibani kinachojua kwamba kinasikilizwa. Kilikuwa kilio cha mtu aliyesahau kabisa kwamba kuna watu. Korido nzima ikageuka.

Médiatrice alisimama, alijikuta ameshika kitasa. Binti yake hakulia siku ya harusi, hakulia akizaa, wakunga walimsifu. Sasa alikuwa analia, na katikati ya kulia alikuwa anasema maneno, mengi, moja juu ya lingine, na sauti ya Mercy ikiwa chini sana inasema "ndiyo, ndiyo, endelea."

"Mama, si uingie?" mwanamke wa benchini akamwambia. "Mwanao anaumia huko."

Egide akaanza kulia naye. Mkono wa Médiatrice ulikuwa bado kwenye kitasa, kama ulivyoshika kile cha chumba cha pili kila usiku tangu ile siku ya mahindini, alipoamka kusikiliza kama Emelyne anapumua. Angeingia, Emelyne angefuta macho. Angesema ego.

"Anaongea," Médiatrice akamjibu yule mwanamke.

Akaachia kitasa. Akarudi benchini, akamweka mtoto begani, akambembeleza taratibu, akawa anasubiri. Machozi yalimtoka naye, akayaacha. Mlango ulipofunguka Mercy akatoka peke yake kuchukua maji, akamwona hivyo, akasimama.

"Mama," akasema, "leo akimaliza yeye, nikusikilize na wewe?"

Médiatrice alianza kusema mimi mzima. Alifika kwenye mimi, akaishia hapo, akaitikia kwa kichwa.