Alama Kumi na Mbili

Nati ya nne iligoma. Dereva alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe kando ya barabara, jua likimchoma kisogo, na spana aliyoshika ilikuwa imelika midomo kiasi kwamba kila alipoikaza iliteleza na kumchuna vidole. Spana haikuwa yake. Wala pikapu haikuwa yake. Aliiazima kwa jirani yake seremala, kwa sharti la kuirudisha kabla ya usiku. Tairi lilipasuka saa nane na dakika kumi. Sasa ilikuwa saa tisa kasoro.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro jipya lililofungwa kwa kamba, sanduku la bati, ndoo mbili na fagio. Ndani, bintiye alikaa wima kama anayepigwa picha, barua ya kujiunga na shule ikiwa mapajani ndani ya faili la plastiki. Barua ilisema geti litafungwa saa kumi kamili alasiri siku hiyo ya Jumapili, na nafasi ya atakayechelewa itapewa mwingine. Sentensi hiyo ilipigiwa mstari na mtu wa ofisi ya shule, kwa rula.

"Hamsini!" mama yake dereva alimwita kupitia dirishani. "Niambie ukweli, mwanangu. Tutafika, au nimwachie mjukuu wangu wosia hapa hapa?"

"Tutafika, mama."

"Nauliza tu. Maana hata kabla ya pancha tulishapitwa na trekta."

Binti alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mkewe dereva, aliyesimama akimshikia nati tatu kiganjani, alijitahidi asicheke.

Jina la Hamsini alipewa na madereva wenzake kazini, kwa kuwa palipokuwa na kibao cha hamsini alikwenda hamsini, hata barabara ikiwa tupu. Walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea kama cheo. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye usukani, kumi na mmoja kati ya hiyo akimwendesha mkurugenzi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi, na hakuwahi kugonga hata kuku.

Saa tisa na dakika arobaini walianza kushuka mteremko wa darajani. Zilibaki kilomita kumi na sita. Dereva hakuhitaji karatasi kupiga hesabu: kwa hamsini kwa saa, ni dakika kumi na tisa na sekunde kadhaa, ikiwa hakuna ng'ombe barabarani. Mkewe alitazama saa, kisha akaigeuzia ndani ya mkono asiione tena.

Kibao cha hamsini kilikuwa wazi, kimepakwa rangi upya. Dereva alikiona. Baadaye hilo hakuweza kulikana hata moyoni mwake: alikiona, na mguu hakuunyanyua.

Askari alikuwa upande wa pili wa daraja, chini ya mwavuli, na kile kidude cha kupimia mwendo ambacho madereva hukiita tochi. Alinyoosha mkono. Dereva akawasha taa ya kuegesha, akasimama pembeni kabisa, akazima injini, akashusha kioo. Alifanya yote hayo kwa mpangilio, kama anayefanyiwa mtihani.

"Shikamoo, mama," askari alimsalimia kwanza bibi aliyekaa kiti cha nyuma.

"Marahaba, baba. Usitucheleweshe. Mtoto anaenda shule."

"Naona godoro." Akamgeukia dereva. "Sitini na moja, kaka. Hapa hamsini."

"Ni kweli, afande. Nimekosa."

Askari akamtazama vizuri. "Wewe ni wa kwanza leo kukubali. Wengine wote waliniambia tochi yangu mbovu." Akapokea leseni, akabonyeza namba kwenye mashine yake ndogo. "Kosa la kwanza lina alama tatu kwenye leseni na faini, unakwenda zako. Dakika mbili tu."

Dakika mbili zikapita. Askari alisoma kioo cha mashine, akakifuta vumbi kwa kidole, akasoma tena.

"Una alama tisa."

"Tisa?"

"Mwezi wa pili, mia moja arobaini na nane penye themanini. Mwezi wa tano, mia moja thelathini na tisa. Mwezi wa saba, Jumamosi, saa nne asubuhi, mia moja hamsini na mbili. Zote za kamera." Akainama dirishani. "Kaka, wewe unaendesha au unarusha?"

Mama yake dereva akaangua kicheko. "Nani? Huyu? Afande, mashine yako ina homa. Huyu tukienda naye msibani tunakuta watu wanaosha vyombo!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mkewe alikuwa amekunja uso, akitafuta kitu kichwani.

"Jumamosi ya mwezi wa saba," alisema. "Ile uliyokuwa juu ya paa unaziba bati. Uliteleza, ukaumia goti. Afande, siku hiyo alikuwa nyumbani! Mashahidi wapo mtaa mzima."

"Mke wangu, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Hukuwa—"

"Nyamaza."

Askari hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa makamo, koti lake la kung'aa limefubaa mabegani, na alizungumza kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi.

"Mama, nisikilize. Gari ni la kampuni. Kamera inapiga namba ya gari, haipigi sura. Serikali inaiuliza kampuni: nani alikuwa anaendesha? Kampuni ikaleta fomu, na kwenye fomu kuna sahihi ya mumeo. Mara tatu. Kama hakuwa yeye, basi aliiandikia serikali uongo mara tatu. Hilo si kosa la barabarani, ni la mahakamani, na lina kifungo." Akamgeukia dereva. "Kwa hiyo mniambie. Niandike lipi?"

Zile fomu zililetwa kazini na katibu wa mkurugenzi, kila moja kwa wakati wake, pamoja na chai. "Ni utaratibu tu," alisema mara ya kwanza. "Kampuni haina miguu, haiwezi kuendesha. Lazima liandikwe jina la mtu, na dereva ni wewe." Faini ililipwa na kampuni siku hiyo hiyo. Mara mbili mkurugenzi ndiye aliyekuwa kwenye usukani, mara moja kijana wake wa kuzaa, na kila mara dereva aliambiwa asante kwa kushikwa bega. Karatasi ilitolewa nakala ya upande mmoja. Maelezo ya alama yalikuwa upande wa pili. Dereva, mtu aliyesoma kila kibao cha barabarani kwa miaka kumi na tisa, hakuwahi kuuliza kama karatasi ile ina mgongo.

"Zile ni zangu," alimwambia askari. "Andika mwendo."

Bintiye alimtazama kupitia kioo cha katikati. Aliyashusha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mkubwa hajavaa.

Askari aliandika. Tisa na tatu, kumi na mbili. Mashine ilitoa mlio mfupi. Leseni ilifungwa mwaka mzima, kuanzia dakika ile. Gari lingebaki pale hadi aje mwenye leseni ya kuliondoa. Mkewe hakujua kuendesha. Mama yake dereva aliacha mizaha.

"Baba," alimwambia askari, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwombaji, "wewe pia una mama."

"Ninaye, mama. Mashine haina."

Lakini ni yeye askari aliyesimamisha lori la kokoto na kumwamuru mwenye lori awachukue. Kulikuwa na nafasi mbili mbele. Binti na mkewe dereva walipanda. Godoro na sanduku vikarushwa juu ya kokoto. Dereva alitaka kumwambia bintiye jambo, lakini lori halikuzima injini, na jambo lenyewe lilikuwa refu. Alimpa ndoo. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba.

Simu ilikuja saa kumi na robo. "Tumefika," mkewe alisema. "Walikuwa wanafunga. Wamempokea." Kisha akaongeza: "Kuna fomu wanauliza kazi ya mzazi. Nimeandika dereva."

Jumatatu mkurugenzi alimkaribisha ndani na kumwonyesha kiti, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

"Karibu, mzee wangu. Mtoto amefika shule?"

"Amefika, bosi."

"Safi sana. Elimu ndiyo urithi. Haya, nimesikia una tatizo."

Dereva alieleza yote akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Hakulaumu. Aliomba barua moja tu: kwamba siku zile tatu gari liliendeshwa na mtu mwingine.

"Mtu mwingine nani?"

Kiyoyozi kiliguruma. Dereva aliitazama meza. "Wewe, bosi. Na mara moja kijana wako."

Mkurugenzi hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Unajua unaniomba nini? Nikiandika hivyo, kesho asubuhi wewe ni mshtakiwa. Mimi nitakwenda kama shahidi tu, nitakaa kwenye benchi. Nimfunge mtu niliyekaa naye miaka kumi na mmoja? Hapana. Siwezi kukufanyia hivyo."

"Lakini bosi, zile alama—"

"Hebu tuhesabu pamoja. Ulikuwa na tisa. Kwa tisa, ungeendesha mpaka ustaafu. Hizi tatu za jana, nani alikutuma?"

Dereva alisogea zaidi ukingoni mwa kiti.

"Nilikuwemo kwenye ile pikapu?"

"Hukuwemo, bosi."

"Basi. Lililokumaliza ni lako mwenyewe." Alisema kwa upole, kama daktari. "Ila mimi si mtu wa kutupa watu. Afisa utumishi anataka niandike barua ya kukuachisha kazi leo. Nimemwambia hapana. Utakwenda yadi, utaosha magari. Hakuna anayedai leseni ya kushika ndoo. Mshahara utashuka kidogo, lakini ada ya mtoto kampuni itaendelea kuikopesha kama tulivyokubaliana. Mtoto asiguswe. Tumeelewana?"

"Nashukuru, bosi."

Alishukuru kweli. Hilo ndilo lililomshangaza alipokuwa akitoka: neno lilitoka lenyewe, na lilikuwa na uzito wake wote.

Katibu alimwita kabla hajafika ngazi. Alikuwa mwanamke wa umri wake, na walikuwa wamezoeana kwa miaka ya kuulizana habari za watoto. Leo alikuwa ametandaza karatasi moja mezani na kuweka kalamu juu yake, na hakuuliza habari za mtoto.

"Imeingia leo asubuhi," alisema. "Ni ya Ijumaa. Saa tano mchana, mia moja arobaini na nne."

"Ijumaa nilikuwa likizo. Nilikuwa dukani, nanunua godoro."

"Najua. Likizo yako niliiandika mimi." Alishusha sauti. "Lakini Ijumaa leseni yako ilikuwa bado hai. Dereva mpya leseni yake ameipata juzi juzi, bosi hataki aanze na doa. Yako imeshafungwa. Anasema haina tena cha kupoteza."

Dereva aliichukua karatasi na kuigeuza. Safari hii nakala ilikuwa ya pande mbili. Pengine mashine iliachwa hivyo, pengine katibu alifanya makusudi. Alisoma akiwa amesimama, taratibu, kila mstari. Alama kumi na mbili: kufungiwa mwaka mmoja. Zaidi ya kumi na mbili: leseni kufutwa, na mhusika kutoruhusiwa kuomba nyingine.

"Nikikataa?"

Katibu alitazama mlango wa mkurugenzi. Ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja. Ndani, mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akicheka na mtu.

"Barua ya afisa utumishi ninayo hapa kwenye droo," alisema. "Nimeshaichapa. Haina tarehe tu."

Dirishani, yadi ilikuwa nyeupe kwa jua. Gari jeusi la mkurugenzi lilikuwa limewashwa, na mtu mwenye shati jipya alikuwa amekaa kwenye usukani, akirekebisha vioo.

"Shemeji, saini," katibu alinong'ona. "Hata mimi ninao watoto. Ningesaini."

Dereva alivuta kiti. Akashika kalamu. Ncha ilipogusa karatasi, iliacha nukta, kisha mstari mfupi uliopinda kama unyasi, kisha ikasimama.

"Usiibadilishe sahihi," katibu alisema. "Isipofanana na zile za mwanzo, wataturudishia."