Farasi Mbele ya Meza ya Meneja

Saa ya chakula cha mchana, meneja wa kampuni ya vioo vya madirisha alisukuma mafaili pembeni, akacheza sataranji na dereva wake kama kawaida. Askari wake, zile kete ndogo za mbele, aliwatoa wote wakaliwa, maana aliona wanamjazia nafasi tu. Dereva akapeleka farasi mweusi katikati ya ubao, mahali ambapo askari wake alikuwa anamlinda kwa nyuma, kwa kando.

"Hapo hatoki, bosi," alisema. "Wa kumfukuza ni askari, na wewe umewamaliza."

Meneja akaenda kunawa mikono. Aliporudi, yule farasi mweusi alikuwa amesimama sakafuni mbele ya meza, mkubwa kama farasi yeyote, anatafuna kalenda. Nyuma yake, kwa kando, mama wa chai alikuwa anapiga deki.

"Mtoe huyu," meneja alimwambia mhasibu mkuu, aliyekuja kuchungulia pamoja na mkuu wa mauzo.

Mhasibu akamwegemea farasi ubavuni, akasukuma. Mama wa chai akaweka ndoo chini, akamshika mhasibu kola, akamtia ndani ya boksi la kete. Alienea vizuri, isipokuwa kiatu kimoja.

"Samahani, baba," alisema, akafunika.

Mkuu wa mauzo alipoona hivyo, akakumbuka ana kikao mahali.

"Usitume wakubwa, utawapoteza bure," dereva alishauri. "Tuma mdogo. Mdogo akimsogelea, farasi anaondoka mwenyewe."

Meneja akafungua mlango, akaita tarishi. Hakuja mtu. Akaita mfagizi, akaita bawabu. Ndipo alipokumbuka kwamba mwezi uliopita aliwaachisha kazi wote, na kazi zao akamrundikia mama wa chai.

"Nikawaite?" dereva aliuliza. "Wako hapo getini, wanatafuta kibarua."

Meneja alimtazama farasi, akautazama mlango. Kumwita mtu aliyemfukuza mwenyewe kukamshinda.

"Mwache tu," alisema. "Ofisi ilikuwa imepooza."

Alasiri yote wateja walipita ubavuni mwa farasi, wakatia saini, wakaondoka na vioo vyao. Mhasibu aligonga boksi akaomba kikokotoo, akapitishiwa. Jioni meneja alimwita mama wa chai, akamkabidhi koleo.

"Na huyu naye utakuwa unamsafishia."

"Sawa, bosi," alisema mama wa chai, akaenda kutafuta ndoo ya pili.