Ndoa ya Redio

"Niko nakuambia nilikurudishia nzima, Mama Ngalula! Nzima kabisa!"

"Nzima ya wapi? Inaimba tu! Mutoto yangu anaolewa mu giza, na weye unaniambia nzima?"

Kisimba na Mama Ngalula walikuwa wamesimama mlangoni pa nyumba ya mama huyo, pua kwa pua, na nusu ya avenue ikiwasikiliza kutoka kwenye viti vya plastiki. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ijumaa Kisimba aliazima mashine ya DVD ya jirani yake ili mke wake aione diski ya kwaya yao. Jumamosi akairudisha, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Leo Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wamealikwa kuona harusi ya Chancelvie, binti wa pekee wa Mama Ngalula. Aliolewa mjini Luena, siku ambayo mguu wa mama yake ulikuwa ndani ya plasta na hakuweza kusafiri. Diski ilifika juzi kwa treni. Na sasa vigelegele vilisikika, kinanda kilisikika, hata pasta alisikika akikohoa, lakini kioo kilikuwa cheusi kama sufuria ya makaa.

"Hii ni ndoa ya redio," akasema Djo, mwendesha pikipiki, na watu wakacheka.

Mama Ngalula hakucheka. "Vwazen, jirani yangu, kama uliniulia mashini, usikanyage tena mu lupango yangu, mu hii nyumba. Na hapa hakuna kula mbele ya kuona mutoto yangu."

"Papa Kisimba, uharakishe basi!" Djo alilalamika. "Harufu ya ile samaki itaniua!"

Kisimba angeweza kwenda zake. Lakini kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli pale stesheni: anavuta mkono wa chuma, treni ya Lubumbashi inapita huku, ya Kasai inapita kule. Hakuna hata moja iliyowahi kupotea mikononi mwake. Akavua viatu, akaingia, akapiga magoti nyuma ya televisheni.

"Picha ni kama treni: ilitoka, haikufika," alisema. "Minyi mwenyewe nitaifuata toka ilipoanzia."

Taa ya mashine ilikuwa inawaka. Diski ilikuwa inazunguka. Sauti inafika, basi mashine iko hai. Akachomoa waya wa njano unaopitisha picha, akachomeka mwekundu wa sauti mahali pake. Giza. Basi waya hauna kosa. Akarudisha kila waya kwenye tundu lake. Akabonyeza vifungo vya televisheni, kimoja baada ya kingine. Giza, giza. Alikuwa anaenda taratibu, kama mtu anayetembea relini akigonga kila parafujo, na wageni walishaanza kupiga miayo.

Kisha vidole vyake vikapapasa mgongo wa mashine, vikagusa matundu mengine matatu: la kijani, la bluu, jekundu. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali, ila hapo. Matundu yalikuwa yamepanguswa, safi.

Vidole vikasita.

Televisheni yake mwenyewe, tundu lake la njano lilikufa zamani. Ijumaa ile alipitisha picha kwenye matundu haya matatu, na ili mashine iitume huko, alibonyeza kifungo kimoja cha telekomande, ile rimoti ya mashine. Jumamosi alichomoa nyaya. Kile kifungo hakukirudisha.

Aligeuza njia, treni ikapita, akaenda kulala.

Alichukua telekomande, akasimamisha diski, akabonyeza mara moja. Giza. Mara ya pili kioo kikapepesa. Akaiwasha tena diski: Chancelvie huyu hapa, na shela lake, anashuka kwenye gari akiogopa kukanyaga tope. Nyumba ililipuka kwa vigelegele.

Mama Ngalula akamshika mkono. "Baba, unisamehe. Kumbe ilikufa yenyewe, na weye njo mwenye kuifufua!"

Hakuna aliyekuwa ameona alichobonyeza. Kisimba aliitazama telekomande, akaitazama sana.

"Hapana, mama. Haikukufa. Minyi njo niligeuza njia ya picha kule kwangu, nikasahau kuirudisha. Kelele yote nilikupigia ni ya bule. Kosa iko yangu."

Kisimba akatoka, akaanza kutafuta viatu vyake katikati ya viatu vya wageni.

"Weye Kisimba!" Mama Ngalula hakugeuka, macho yake yalikuwa kwa binti yake, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Unaenda wapi? Ikigeuka tena katikati ya kuvalishana pete, nitaita nani? Ève, weye wa kule jikoni, leta maji ya kunawa. Djo, ondoka kwa ile kiti ya mbele. Kisimba, kuja ukae hapa, nikuchunge vizuri. Bukari na samaki inapoa."

Kisimba alisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Kule mbele, Djo alikuwa anafuta kiti kwa kiganja.