Abiria Kumi na Wawili wa Mtaa wa Alder

Tangu daktari wa macho amkataze kushika usukani, Lorene Tvedt, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliishi kwa hisani ya basi namba tisa. Jumatatu lilimpeleka maktaba. Jumatano lilimpeleka kwenye bwawa la kuogelea la mji wa Ellsbury, ambako yeye na wanawake wa rika lake walirukaruka majini kwa kufuata muziki, huku wakisengenya kwa utaratibu. Kituo kilikuwa hatua hamsini tu kutoka mlangoni kwake. Kilichofuata kilikuwa maili nzima mbele, ng'ambo ya barabara kuu ambayo hata mwenye macho mazima aliivuka kwa dua.

Kwa hiyo, tangazo lilipobandikwa kwenye nguzo kwamba Jumamosi asubuhi abiria watahesabiwa, na kwamba kituo kitakachokosa abiria kumi na wawili kitaondolewa, Lorene hakulia. Alioka. Alijaza trei nne za mikate ya mdalasini, akapita nazo nyumba kwa nyumba.

"Lorene, mimi sijapanda basi tangu nimalize shule," alisema Duane Hruska, jirani wa mkono wa kulia, mstaafu mwenye magari matatu na mke mmoja. "Hata sijui watu wanaingilia wapi."

"Mlango wa mbele, Duane. Kule kwa dereva."

"Na nikishapanda, niende wapi?"

"Popote. Mkeo atashukuru."

Duane alichukua mkate wa pili, akaahidi.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi, Lorene alifika kituoni roho mkononi. Mhesabu wa jiji, Bwana Baccam, mtu mpole mwenye kizibao cha manjano, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, kidude cha kuhesabia kiganjani.

"Wangapi mpaka sasa?"

"Wawili, mama. Nesi mmoja, na mtu aliyepotea njia."

Majirani hawakumwangusha. Walikuja wote wanane walioahidi, na kila mmoja alikuja na gari lake. Duane, ambaye kutoka barazani kwake angeweza kutema mate yakafika kituoni, alikuja na pikapu. Waliegesha kwa adabu, gari nyuma ya gari, juu ya mstari mwekundu ulioandikwa BASI kwa herufi zenye urefu wa mtoto. Basi likaja, likakosa pa kusimama. Dereva akainua mikono kuonyesha kwamba hana la kufanya, akaenda zake.

"Limetupita," alisema Duane, kana kwamba kosa ni la basi.

"Nimewaomba mlipande, nyie mmekuja kulizuia."

"Ungetuambia tuje kwa miguu."

"Sikujua kwamba hilo nalo linahitaji kusemwa, Duane. Mimi nusu kipofu nimeyaona maandishi hayo."

"Limebaki la saa tano," Bwana Baccam alisema taratibu. "Baada ya hapo nafunga hesabu."

Magari yakarudishwa nyumbani, na wenye magari wakarejea kwa miguu, wakionekana wafupi kidogo kuliko kawaida. Lakini gari moja jeupe, lenye nembo ya jiji, lilibaki pale pale.

"Na hili la nani?" aliuliza Lorene.

Bwana Baccam alikuna sikio. "Langu, mama. Basi lingenichelewesha."

Kicheko kilichozuka kiliwafanya wasubiri ile saa nzima bila kuiona. Bwana Baccam mwenyewe alicheka huku akilihamishia gari mbele ya banda la gari la Lorene. Lorene peke yake hakutulia. Alihesabu vichwa, akarudia. Wanane, na yeye tisa, na wawili wa asubuhi. Kumi na mmoja.

"Mbwa wangu je, hahesabiwi?" Duane alinong'ona.

"Hahesabiwi," alijibu Bwana Baccam.

Basi lilifika. Wakapanda, kila mmoja akimuuliza dereva nauli, na kidude kikalia mara nane. Lorene alipanda wa mwisho, kikalia mara ya tisa. Akageuka ngazini, akamtazama Bwana Baccam.

Bwana Baccam alikitazama kidude, akalitazama gari jeupe. Kisha akakunja kiti.

"Kazi yangu imeisha. Ofisi iko mjini, na hili linakwenda mjini. Gari nitalifuata Jumatatu, kwa basi."

"Lakini mhesabu anahesabiwa?"

"Tangazo limesema abiria, mama. Atakayelipa nauli ndiye abiria." Akatumbukiza sarafu zake, akabonyeza. Kumi na mbili.

Basi liliondoka. Duane aliketi kando ya Lorene, magoti yakigusa kiti cha mbele, akiutazama mtaa wake kama mgeni.

"Hivi huko bwawani mnamsengenya nani?"

"Wewe, zaidi."

Duane alishusha sauti. "Na wanaume wanaruhusiwa?"

"Jumatano, basi la saa tatu," alisema Lorene. "Na uje kwa miguu, Duane."